Mkono Ulioshika Gia ya Tatu

Bwana apewe sifa. Wale wa nyuma mnaoinua simu kutafuta mtandao, zishusheni, hapa chini ya mabati haupatikani, nimejaribu tangu saa tatu. Nimepewa dakika kumi na tano. Mzee wa kanisa amenivuta kando hapo nje akaniambia nisiongee siasa, na nisianze tena mambo ya vijana na kazi. Sawa, mzee. Leo nitaongea juu ya gari.

Kuna mtu alirithi gari kutoka kwa baba yake. Si gari la kubebea kabeji. Gari la michezo, la zamani, milango miwili tu, rangi ya chungwa, bonneti ndefu kama maombi ya yule mzee aliyenivuta kando. Dirisha lake unalifungua kwa kuzungusha mkono kama mtu anayesaga nyama. Likipita sokoni, wauza vitunguu wanaacha kupima. Na lile gari lilisifika kwa sababu ya mlima. Mnaujua mlima wa Subukia, sina haja ya kuwaelezea. Malori yanapanda pale yakilia. Yule baba alikuwa anaupanda kwa gia ya tatu, kutoka chini mpaka juu, kiwiko nje ya dirisha, bila kubadilisha hata mara moja. Siku ya mazishi yake watu watatu walisimama kusifu jambo hilo peke yake. Mmoja alilia. Honestly, alilia kwa sababu ya gia.

Sasa, niwaulize: katika hao watatu, nani alitaja aliyekuwa ameketi kiti cha kushoto?

Subirini, tutafika.

Mama wa yule mtu, mjane, alikuwa amefika miaka sabini. Hakutaka keki, hakutaka hema. Alitaka kitu kimoja. Akamwambia mwanawe, "Nipeleke kule juu kanisani tulikofungia ndoa, nikashukuru. Na unipeleke na gari ya baba yako. Sio hiyo yako inayoongea."

"Inaongea kunionyesha njia, mama."

"Njia naijua. Magoti ndiyo yananiambia kwaheri. Fanya haraka."

Mwana akaahidi: Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Na mtu akimwahidi mama yake wa miaka sabini safari moja, hiyo si ahadi ya kuahirisha, ama namna gani?

Akaenda kulijaribu gari. Chini ya mlima akaingiza gia ya tatu, akakanyaga mafuta, gari likanguruma vizuri kabisa. Kufika kona ya pili, ta! Gia imeruka. Kile kirungu cha gia kimejirudisha chenyewe katikati, injini inapiga kelele bure, gari linaanza kurudi nyuma, na nyuma kuna lori. Akairudisha, ikaruka. Akairudisha, ikaruka. Akageuza gari na jasho likimtoka, akarudi nyumbani akamwambia mama yake kuna shida.

"Ya tatu inaruka?" mama akauliza, hata hajainua macho kutoka kwa maharagwe anayochagua. "Hiyo ni tabia yake. Nitashika."

"Utashika nini?"

"Wewe endesha tu."

Mwana hakuelewa, na kama sisi wote tusipoelewa mama zetu, hakuuliza tena.

Alianzia gereji kubwa, ile yenye sofa na televisheni na binti wa kukuletea kahawa. Wakampigia hesabu wakamwambia giaboksi imekufa, na giaboksi ya gari hilo nchi hii hakuna tena, so auze gari liwe vyuma chakavu. Wamesema hayo bila kuinama chini ya gari. Kuna watu wamesomea kutoinama.

Akapelekwa na rafiki kwa fundi mmoja mfupi, mwenye kofia ya marvin, ile ya sufu, hata jua likiwaka, gereji yake ni ukuta mmoja na turubai. Yule fundi alitandika katoni, akaingia chini ya gari na mtaimbo, akaupachika chini ya giaboksi, akainua kidogo. Giaboksi ikapanda yote, ikashuka. Ikapanda, ikashuka, kama kifuniko cha sufuria ugali ukichemka.

"Umeona?" akasema akiwa bado chini. "Giaboksi yako ni nzima. Haina mahali pa kulala."

Niwaeleze, wapendwa, ili msipotee. Giaboksi haikai juu ya chuma. Chini yake kuna mpira, mafundi wanauita mounting, mdogo, unatoshea kwa kiganja. Huo ndio unaibeba. Unamwagikiwa oili, unachomwa na moto wa ekzosti, unapigwa na mawe ya barabara, na hakuna mtu amewahi kufungua bonneti akausifu. Ukioza, giaboksi inaruka ukikanyaga mafuta, na ikiruka, inatema gia. Watu wote wanaona gia. Mpira hauonekani. Ukitaka kuuona lazima ulale mgongo kwa mchanga.

Mwenye gari akafurahi. Akasema, "Basi weka kitu kigumu. Weka kipande cha chuma kabisa, isisogee milele. Kwa group yetu ya magari ya zamani wote wanaweka chuma."

"Hiyo siweki," fundi akasema.

"Kwa nini? Ni mimi nalipa."

"Mkubwa, injini yako imekalia mipira. Ikivuta mlimani inajipinda kidogo, lazima ijipinde. Sasa mbele inajipinda na nyuma umeifunga kwa chuma. Hiyo nguvu itaenda wapi? Itapasua katikati. Sikio la giaboksi, hapo inapofungwa, litavunjika."

"Kwa group hawajasema hivyo."

"Basi waulize wa group watakupea giaboksi ingine."

Akakasirika, akaondoka. Akapata fundi mwingine, yule ambaye kila unachomwambia anasema ndiyo, akakatiwa chuma, akafungiwa. Na mniamini, wapendwa, gia ilikaa! Siku tatu gari lilikuwa kama jipya. Alimzungusha mama yake mtaani, mama akashuka akishika taya.

"Imepona?" mama akauliza.

"Imepona."

"Basi imeniambukiza. Meno yote yanacheza."

Siku ya nne akasikia tak, kama mtu amevunja muwa. Sikio la giaboksi limepasuka, na oili inatiririka kwenye lami. Giaboksi ya pekee katika nchi, na zimebaki siku tisa mama apande mlima.

Hapa nisimame kidogo. Hicho kipande cha chuma tunakijua. Kwetu kina jina. Umefiwa na mtoto, unaambiwa nini? Jikaze. Mume amehama, jikaze. Umemaliza chuo, umetembea na bahasha mpaka soli zimeisha, unaambiwa na mtu anayekula kuku: kijana, jikaze. Na mtu anajikaza kweli, na siku tatu anapendeza, tunamtolea mfano kwa wengine. Siku ya nne tunasikia tak, tunaambiana, huyu alikuwa na nini? Alikuwa na chuma ulichomfungia wewe.

Sawa, mzee, naona unaangalia saa. Narudi kwa gari.

Lilivutwa kwa kamba mpaka kwa yule fundi mfupi. Mwenye gari alishuka ameinamisha kichwa. Mimi ningemcheka, nawaambia ukweli. Ningeita na majirani. Yule fundi hakucheka. Alipangusa lile sikio lililovunjika kwa kitambaa, akaliangalia kama daktari anavyoangalia picha, akauliza swali moja tu: "Mama anaenda lini?"

"Jumamosi ya wiki ijayo."

"Ataenda."

Nimekaa darasani miaka mitano. Nimefundishwa chuma na walimu waliokuwa na karatasi mpaka ukutani, na sikuwahi kuona mtu akifanya kazi kama alivyofanya huyu. Alilichomelea lile sikio mwenyewe, na ile ni aluminiamu, ukizidisha moto kidogo inamwagika kama uji. Alichoma kidogo, akaacha ipoe, akaenda kunywa chai, akarudi, akachoma kidogo. Siku mbili, kwa kidonda kisichozidi kidole. Kisha akatafuta mpira. Wa kiwandani haupo tena. Akaenda kwa nani? Kwa mshona akala. Yule anayekaa kando ya barabara na rundo la matairi ya lori, anakata viatu.

"Nataka mpira," fundi akamwambia.

"Atavaa nani?"

"Giaboksi."

"Namba ngapi?"

Wakacheka, halafu wakaanza kazi, na hapo ndipo ungevua kofia. Mshona akala alitoa mpira wa ubavuni mwa tairi, akaukunja: laini, utalala baada ya mwezi. Akatoa wa mgongoni, penye meno ya tairi, akaubonyeza kwa ukucha: mgumu, huo ni ndugu ya chuma. Akachimba kwa rundo mpaka akapata kipande cha begani, pale mgongo unapokutana na ubavu, chenye nyuzi ndani. Akaking'ata. Kabisa, akaking'ata kwa meno ya nyuma, akafumba macho. "Huu," akasema. "Huu unabeba mtu mzito na bado anatembea."

Nani alimpa huyo digrii?

Fundi akaukata vipande viwili, akaweka kibati katikati, mpira, kibati, mpira, akaupitishia boliti. Ule wa zamani ulikuwa na matundu mawili tumboni, ndiyo maana ulichoka haraka. Huu hakuuachia tundu. Akafunga, akapanda mwenyewe ndani, akajaribu, akashuka. Akamwambia mwenye gari, "Nimeikaza kuliko ilivyotoka kiwandani. Lakini nimeiachia nafasi ya kupumua."

Hapo mngedhani tumemaliza. Yule fundi hakuwa amemaliza. Alifungua mlango wa kushoto, akaelekeza kidole kwenye kile chuma cha gia, chini, mbali na kirungu. Nikeli yote ilikuwa imelika, chuma kinang'aa kama kijiko.

"Dereva anashika kirungu, huku juu," akasema. "Hapa chini, upande huu, nani alikuwa anashika?"

Mwenye gari akakumbuka. Akiwa mtoto, ameketi kile kiti chembamba cha nyuma, wanapanda Subukia kwenda kwa nyanya yake, na mbele yake mkono wa kulia wa mama uko pale kwenye gia, karibu na mkono wa baba, mlima wote. Baba anasema polepole, "Nishikie." Na mama anasukuma kwa kiganja, mishipa imetoka, haongei na mtu.

"Nilidhani wameshikana mikono," akasema. "Miaka yote hiyo mimi nilidhani ni mapenzi."

"Pengine pia yalikuwa mapenzi," fundi akasema. Kisha akamkabidhi kitu. "Hii nimeitoa kwa buti, chini ya gurudumu la akiba."

Kilikuwa kiboksi cha karatasi, kimeloa kikakauka mara nyingi. Juu kuna mwandiko wa baba yake, kalamu ya buluu: *Mpira wa giaboksi. Nifunge Jumamosi.* Na mwaka. Mwaka ambao yeye mwenye gari alikuwa darasa la pili. Ndani kulikuwa na mounting mpya, haijawahi kuguswa na spana, mpira wake umekauka na kupasuka kama kisigino.

Alikitia kwenye kidroo cha dashibodi, akakifunga, akamshukuru fundi.

Jumamosi ikafika. Mama amevaa gauni la buluu na kofia, ameketi kushoto. Chini ya mlima mwana akaingiza gia ya tatu. Na kabla hajakanyaga mafuta, mkono wa mama ulikuwa umeshafika. Hakuutuma. Ulikwenda wenyewe, kama punda anayejua nyumbani.

"Mama, toa mkono. Imetengenezwa."

"Endesha."

"Mama, haitaruka."

"Baba yako alisema spea yake haiko nchi hii. Endesha."

Kona ya kwanza. Kona ya pili, ile ya ta. Mama amekaza kiganja, macho kwenye kile chuma. Hakikumsukuma. Kona ya tatu akalegeza kidole kimoja. Akalegeza kingine. Akainua kiganja chote, akakiacha hewani juu ya gia kama mtu anayepasha mkono motoni. Gia imetulia. Gari linapanda, linaimba. Akaurudisha mkono, akauweka kwenye mapaja yake, na akaonekana hajui mkono huo unakaaje ukiwa hauna kazi.

Ndipo akageuza uso dirishani.

Wapendwa, mnajua kilicho upande wa kushoto pale, ukipanda. Bonde lote. Mashamba ya chini yamekatwa vipande vipande, mto, moshi wa nyumba za watu, na ile mistari ya milima mmoja nyuma ya mwingine.

"Hili bonde," mama akasema, "limekuwa hapa siku zote?"

Mwana akaendesha.

"Nimepanda hapa nikiwa bibi harusi. Nimepanda na wewe tumboni. Nimepanda na dada zako wakitapika. Sijawahi kuliona. Nilikuwa naangalia gia."

Akatokwa na machozi, si mengi, na akafungua kidroo cha dashibodi kutafuta kitambaa. Akatoa kiboksi. Akausoma mwandiko ule, wa mtu aliyelala naye miaka arobaini. Akasoma na mwaka. Mwana akasema, "Mama, nilitaka kukwambia." Mama akafunga kifuniko vizuri, akakishika kwa ule mkono wa kulia, na walipofika juu, gari limesimama mlangoni mwa kanisa, ndipo akasema:

"Baba yako alikuwa mtu mzuri." Akakigeuza kile kiboksi. "Na alikuwa nayo kwa buti."

Halafu akashuka, akaingia kushukuru.

Ningependa mfano huu uishie kwa bonde. Ningewaambia tusifu wamama, mngepiga makofi, tungeenda kwa chai. Lakini angalieni yule baba vizuri, kwa sababu yule si mtu mbaya. Mtu mbaya hanunui spea. Yeye aliona shida, akatoka, akatafuta, akanunua, akaandika na siku. Kilichobaki ni kulala mgongo kwa mchanga saa moja. Na kila Jumamosi ilipofika, kwa nini ainame? Mkono upo. Mkono haulalamiki. Mkono unakwenda wenyewe. Na ninaamini kabisa alimsifu mke wake, alimwambia, bila wewe sipandi huu mlima. Ilikuwa kweli. Ndiyo ilikuwa njia yake ya kutoshika spana.

Sasa sisi.

Mkitoka kwa mlango huo, mzunguke nyuma ya jikoni, kuna tangi jeusi la lita elfu tano. Mnalijua. Tulilinunua wenyewe, hapa hapa, tuliimba siku linafika, mwenyekiti alipigwa picha amelikumbatia. Mwaka wa tatu huu limelala ubavu na kuku wa mchungaji wanataga ndani. Mabomba yake yako ofisini, kwenye nailoni, kona ya nyuma ya mimbari ya zamani. Nimeyaona. Na chai mtakayokunywa saa saba, maji yake yametoka kule chini mtoni, mgongoni mwa Mama Nyakio na wenzake wawili, mitungi ya lita ishirini, mtelemko huo mnaousema ni mbaya hata ukishuka mikono mitupu. Kila siku ya shukrani tunawasimamisha hapa mbele. Tunasema wamama wetu ni nguzo. Tunawapa leso. Tunapiga makofi mpaka mabati yanajibu.

Hayo makofi yetu, wapendwa, ni yule baba anasema polepole: nishikie.

Na msidhani nawasema ninyi. Mimi nina cheti nyumbani, kimewekwa fremu, kinasema nimehitimu uhandisi wa mitambo. Nimesomea mabomba semesta mbili nzima. Ni miaka minne nalaumu serikali, nalaumu makampuni, nalaumu godfather wa kunipa kazi nisiyekuwa naye, na nina haki, siondoi neno. Lakini miaka mitatu kati ya hiyo nimekunywa hiyo chai kila Jumapili, nikiongeza kikombe, nikiwa nimeketi juu ya lile tangi. Juu yake, wapendwa. Nikisema hii nchi haina kazi.

Watu waliobeba bila kuonekana tuwaheshimu, ndiyo. Fundi wetu aliheshimu ule mpira, lakini aliuheshimu vipi? Hakuuimbia. Alilala chini yake. Akatafuta anayejua kung'ata, akapima, akabadilisha, akauachia ya kupumua.

Dakika zangu zimeisha, na mzee ameshasimama. Nimekuja na begi. Ndani kuna spana ya bomba, mkanda wa kuzibia maji, na msumeno wa kuazima. Nahitaji watu wanne wa kuinua tangi na mmoja wa kuongea na kuku. Tuombe, na tuombe fupi.

Na kabla hatujafumba macho: nasikia mitungi ikigongana hapo nje. Mama Nyakio, iweke chini, mama. Ingia. Hapo karibu na dirisha pako wazi.